Karam si Karama

Niseme mapema nisije nikasutwa baadaye: mimi ni mwanamke mwenye kiburi. Nilizaliwa nacho Bura, milimani. Mama yangu alijaribu kunipunguzia kwa fimbo, masista wa misheni wakajaribu kwa sala, na wote wakachoka kabla yangu. Lakini kiburi nilicho nacho leo, nikiwa bibi mwenye magoti mabovu, si kile cha kuzaliwa. Hiki nilikipata kwa kazi, katika stesheni ya Voi, miaka ya hamsini, nikimimina maji katika viganja vya watu ambao wengi wao hawakunijua wala hawakutaka kunijua.

Wajukuu wangu wakisikia kwamba kazi yangu ilikuwa kugawa maji stesheni, hucheka. Wacheke. Wao maji huyafungua kwa vidole viwili, halafu huyaacha yakimwagika wakipiga gumzo. Hawajui kiu ya nyika, na mimi sina namna ya kuwaonjesha.

Gari la mchana kutoka Mombasa lilifika Voi jua likiwa limekaza. Lilikuwa limevuka nyika ya Taru, limepita Maungu, na vumbi jekundu limewaingia abiria mpaka kwenye kope. Likisimama, wa kwanza kunyweshwa alikuwa injini. Bomba lake kubwa liligeuzwa juu yake, maji yakaporomoka tumboni mwa chuma kile, na abiria wa daraja la tatu, yaani watu weusi waliobanwa mabehewa ya nyuma, wakachungulia madirishani wakimeza mate. Wazungu wa daraja la kwanza walikuwa na behewa lao la chakula. Wahindi wa daraja la pili walisafiri na vyombo vyao na maji yao kutoka nyumbani, ingawa kwa joto lile nayo yalikwisha kabla ya Maungu. Daraja la tatu hawakuwa na lolote ila subira.

Hapo ndipo Ba alipoweka mitungi yake. Ba kwa lugha yao ni mama, na mji mzima ulimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mjane wa Kihindi, mwembamba, sari nyeupe siku zote kama desturi ya wajane wao, na aliishi peke yake katika vyumba viwili ng'ambo ya reli. Mumewe alipofariki, aliweka mitungi mitatu ya udongo chini ya kibanda cha mabati kando ya jukwaa la stesheni, akaanza kuwapa maji wasafiri wa kila gari la mchana, kila rangi na kila dini, bure. Kwao ni desturi kongwe. Mtu huweka maji njiani kwa ajili ya wapita njia, na mahali hapo pana jina lake, wanapaita parab. Mimi nilipaita kwa mama mitungi, kama watu wote wa Voi.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na kidogo, baada ya mvua kutunyima mahindi misimu miwili mfululizo. Kazi yangu ilikuwa kufua, kufagia, na kubeba maji kutoka bomba la reli hadi kwenye mitungi. Jikoni kwake sikuingia. Hilo niliambiwa siku ya kwanza, kwa upole lakini bila kupindisha maneno. Kikombe changu kilikaa dirishani upande wa nje, na maji yake ya kunywa aliyateka mwenyewe kwa chungu cha shaba, hata siku alizokuwa na homa. Kwa mwiko wa dini yao, hakula wala hakunywa kitu kilichopita mkononi mwangu. Nililimeza jambo hilo kwa sababu nilihitaji kazi, lakini halikushuka vizuri.

Maji ya mitungi aliyachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe. Kisha, na hili ndilo lililonishangaza, kile kitambaa alikigeuza na kukisuuza taratibu ndani ya ndoo ya maji, ili vidudu vilivyonaswa virudi majini vikaishi. Vidudu vyenyewe huwezi kuviona kwa macho. Nikamuuliza siku moja, "Ba, hawa wadudu ni jamaa zako?"

"Nani najua?" akasema, hakuinua hata uso. "Labda baba ya baba yako."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakuwa anatania, au labda alikuwa anatania nusu. Kwao mtu akifa hurudi, na atarudi akiwa nani hutegemea alichokifanya kwa mikono yake. Tangu siku ile, kile kitambaa kikisuuzwa, nilimwamkia babu kimoyomoyo.

Miaka miwili ya kwanza mimi nilibeba na yeye akamimina. Alitumia birika la shaba lenye mdomo mrefu. Msafiri aliinama, akakutanisha viganja karibu na midomo, na Ba alimimina kwa uzi mwembamba wa maji bila kumgusa. Kisha bega lake la kulia likaanza kumwuma, likakataa kupanda. Siku moja, gari limesimama na watu wamepanga mstari, birika lilimponyoka likaanguka kwenye kokoto. Nililiokota, nikalijaza, nikaanza kumimina. Hakuna aliyeniamuru. Ba akavuta kigoda chake akakaa pembeni. Kuanzia siku hiyo birika likawa langu, na wa daraja la pili waliponyoosha viganja niliwamiminia wao pia, naye hakunizuia.

Nilimimina kwa madaha, nisikatae. "Karibu mama, pole na safari, kunywa baba, kunywa uburudike." Na baada ya kila mtu nilingoja asante yangu. Ikija, nilivimba. Isipokuja, nilivimba vilevile kwa sababu nyingine. Siku moja askari mmoja alikunywa viganja saba, nilivihesabu, akajifuta mdomo na kuondoka bila hata kunitazama. Nikamfokea mgongoni, "Hata asante huna! Umelelewa na nani?"

Gari lilipoondoka Ba akaniita.

"Wewe nauza maji?"

"Hapana, Ba."

"Hii askari nakopa kwako?"

"Hapana."

"Basi asante ya nini?" Alinionyesha mkono wangu uliokuwa bado umeshika birika. "Wewe fanya kazi. Tunda hapana angalia."

Sasa mimi ni mtoto wa mkulima, na maneno hayo yalinichekesha. Nikamwambia, "Ba, sisi kwetu Bura tukipanda maharagwe tusiyatazame, nyani watatutazamia."

Alicheka mpaka sari ikamteleza kichwani. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo tena. Alipotulia alisema, sasa kwa sauti nyingine kabisa, akigonga birika kwa ukucha: "Hii karam yako."

Na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Mimi nilisikia karama.

Mtu aliyelelewa na misheni anajua karama ni nini. Ni kipaji, ni zawadi itokayo juu, wengine hupewa kuponya na wengine kufundisha. Kumbe mimi nimepewa kumimina maji, na bibi huyu wa Kihindi, asiyejua hata kufanya ishara ya msalaba, amekiona kipaji changu! Nilipopanda Bura kwa Krismasi nilimweleza mama, nikawaeleza majirani, nikamweleza na katekista, ambaye alikohoa na kusema Mungu ana njia nyingi. Nikawa natembea Voi kana kwamba askofu amenipaka mafuta. Birika lile lilikuwa langu kwa amri ya mbinguni, na nani angethubutu kuligusa?

Mtu akathubutu.

Ba alikuwa na shemeji Mombasa, mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa heshima katika jamii yao. Jamaa zake walikuwa wamepita Voi wakienda harusini Nairobi. Walishuka, wakaona maji yanamiminwa na mwanamke wa Kitaita, wakarudi ndani ya gari na kiu yao. Habari zikamfikia. Wiki chache baadaye alishuka gari la mchana akiwa na mzee mmoja wa hekaluni kwao, amevaa uzi mweupe uliopita begani hadi kiunoni, alama ya ukoo wao mtakatifu. Huyo ndiye angemimina tangu sasa.

Nisimsingizie yule shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mama yangu. Alizaliwa Mombasa na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. "Dada yangu, usichukulie vibaya," aliniambia pale barazani kwa Ba. "Kazi yako iko palepale. Utafagia, utateka. Kumimina tu ndiko tunakompa mzee. Ni mambo ya dini."

Ba alijibu kwa Kigujarati, maneno mengi na ya haraka. Kwa miaka ile nilikuwa nimeokota lugha yao ya kutosha kujua kwamba ananitetea. Alisema mikono yangu inafanya kazi vizuri. Alisema kiu haina ukoo. Nikanyoosha shingo. Ndipo yule shemeji akaacha Kigujarati, akamwuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili na mimi nisikie:

"Bhabhi, wewe mwenyewe wayanywa maji ya mkono wake?"

Bhabhi ni mke wa kaka. Ba akavuta ncha ya sari kichwani. Akatazama sakafu.

Nilingoja. Ninyi mnaosoma hamjui urefu wa muda ule. Nilimtazama mwanamke ambaye nimemkanda bega kwa mafuta ya moto, nimemfulia, nimembebea maji asubuhi kwa asubuhi, na yeye alikuwa anatazama sakafu ambayo nimeifagia mimi. Kama angesema tu "nitakunywa", ningefagia Voi nzima kwa furaha na birika ningempa huyo mzee wa uzi kwa mikono miwili. Hakusema.

"Ba!" nikapaza sauti. "Uliniambia ni karama yangu! Karama hupewi leo ukanyang'anywa kesho!"

Akainua uso, ameshangaa. "Karama nini?"

"Siku ile! Ulisema hii karama yako!"

Alifikiri kidogo, kisha nikaona ameelewa. Alitikisa kichwa. "Karam," akasema. "Hapana zawadi. Karam, kazi. Ile kitu mkono nafanya, ile tu. Mimi hapana pa wewe. Hii mtu," akamwonyesha shemeji yake, "hapana weza nyang'anya wewe."

Maneno mazuri, lakini mtu mwenye hasira masikio yake yako nyuma. Nilichosikia mimi ni kwamba sikupewa kitu chochote, tangu mwanzo. Nilikuwa nimejivika kilemba cha ukoka kwa mikono yangu mwenyewe, nikakitembeza hadi kwa katekista. Nikaliweka birika chini kwa kishindo, nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikapanda gari la Taveta, nikashuka stesheni ya Bura. Kilima kizima nilikipanda nikiongea peke yangu.

Mama hakuniuliza lolote. Alinipa jembe. Kulikuwa na kabichi na nyanya zinangoja kupaliliwa, na mama yangu aliamini hakuna uchungu usiopungua kwa kuinama.

Wanawake wa kwetu walioshusha mboga Voi walirudi na habari. Yule mzee wa uzi alimimina siku nane. Joto la Voi halijali ukoo. Siku ya tisa alianguka kibandani, akarudishwa Mombasa amelazwa kwenye benchi, amefunikwa kitambaa chenye maji usoni. Shemeji akaahidi kumtafuta mwingine. Bega la Ba lilikuwa limekufa kabisa. Mitungi ilikauka, buibui akajenga mdomoni mwa mmoja.

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu kiburi bila ukweli ni majigambo tu. Nilisimama kati ya kabichi nikafurahi, nikasema wakome, na sasa waje waniangukie.

Hakuja mtu kuniangukia. Badala yake, wiki ya tatu, jirani mmoja akasimulia kwamba ameona mama mchanga daraja la tatu, mtoto wake amelegea kwa kiu, na mtu wa reli kwa huruma akamkingia kopo la maji ya injini, ya moto, yenye kutu. Mtoto akayatapika. Gari likapiga filimbi, likaondoka naye hivyo hivyo.

Jirani alipokwenda zake, mama aliendelea kung'oa magugu. Bila kugeuka akaniuliza, "Na hao wa daraja la tatu, wao walikukosea nini?"

Nikainamia jembe langu.

"Si wewe ndiye hupenda kutupigia methali hapa? Wanasema tenda wema nenda zako. Wewe umekwenda zako kabla ya kutenda."

Mama yangu hakuwahi kukutana na Ba. Mmoja hakujua lugha ya mwenzake, mmoja alivaa rozari na mwingine alichoma ubani mbele ya picha za miungu yake. Lakini nikiwa nimeshika jembe lile, nilisikia wote wawili wakiniambia neno moja. Methali ile nilikuwa nimeitamka mara elfu, nikidhani uzito wake uko kwenye wema. Uko kwenye nenda zako. Tenda, halafu ugeuze mgongo, usisimame pale kunyoosha shingo kama nilivyonyoosha barazani. Karam, kazi. Ile kitu mkono nafanya, ile tu. Kama hakunipa yeye, basi hakuna aliyenivua. Hasira yangu yote ilikuwa ya mtu anayelilia kitu ambacho bado kiko mkononi mwake.

Kesho yake nilichukua mtungi wa mama, ule mkubwa, na kata ya kibuyu. Kitambaa cha kuchujia sikuwa nacho, nikapasua kitambaa changu cheupe cha kichwani cha Pasaka. Mama alipoona hilo ndipo alipojua kwamba sifanyi mchezo. Nikashuka na gari la Taveta, mtungi mapajani, na kila aliyeniuliza unakwenda kuuza nini nilimjibu siuzi.

Sikwenda kwa Ba. Mitungi yake na kibanda chake niliviacha kama vilivyo. Nilikwenda mwisho kabisa wa jukwaa, pale mabehewa ya daraja la tatu yanaposimama, hapana kivuli, nikauzika mtungi wangu nusu mchangani ili ukae baridi. Niliyachuja maji mara mbili. Nikakigeuza kitambaa nikakisuuza ndooni, nikamwamkia babu. Stesheni masta, Mhindi mwenye miwani mizito, alikuja mpaka hatua kumi kutoka kwangu. Alinitazama, akatazama mtungi, akatoa saa yake mfukoni akaitazama muda mrefu kuliko saa inavyostahili kutazamwa. Kisha akarudi ofisini. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Nililala kwa binamu yangu mtaani, na asubuhi nilifua nguo za watu ili nile. Mchana nilimimina. Sikusema tena karibu mama karibu baba. Walikunywa, nikageukia wengine. Wengine walinishukuru, na nilikuwa nimeshamgeukia wa nyuma yao kabla hawajamaliza. Msinione mtakatifu. Ng'ambo ya reli nilikuwa nauona mlango wa Ba, umerudishwa nusu, na nilijiapiza kutoutazama. Niliutazama kila siku, mara mbili, gari likija na gari likiondoka, nikajikemea kila mara. Jambo hili la kutotazama tunda ni gumu kuliko kubeba ndoo, na asikudanganye mtu.

Mlango haukufunguka zaidi ya hapo. Siku zikapita, kitu kama wiki tatu.

Kisha siku moja, kutoka behewa la daraja la pili, akashuka yule shemeji. Nyuma yake mzee mwingine, kijana kidogo kuliko wa kwanza, naye na uzi begani. Kibandani hawakupata kitu isipokuwa buibui. Kisha shemeji akauona mstari wangu, watu kama thelathini, wanawake wa Kikamba na vikapu vyao, Mduruma mmoja na kuku, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Akaja. Hakukasirika, au hakuonyesha.

"Dada yangu," alisema, "hapa si mahali pako. Ukibaki hapa, watu wa daraja la pili hawatajua maji yapi ni yapi. Tafadhali ondoa mtungi."

Mkono wangu haukusimama. Nilimjibu huku namimina. "Mzee, maji ya kule mmiminie mnayemtaka. Haya nimeyabeba mwenyewe."

Alikuwa anataka kunijibu alipogeuka ghafla, akatazama nyuma ya mstari. Nikatazama nami.

Ba alikuwa anavuka reli. Alivuka pole pole, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa, wa kushoto umeshika ncha ya sari isikanyagwe. Nilidhani anakuja kunifukuza. Nilidhani anakuja kumwita shemeji yake nyumbani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifika mwisho wa mstari, nyuma ya mama mmoja wa Kikamba, akasimama.

Watu walimpisha. Ndivyo ilivyokuwa zama zile, Mhindi hapangi mstari na mtu mweusi, na huyu alikuwa mzee tena mgonjwa. "Pita, mama, pita mbele." Alikataa kwa kichwa. Mstari uliposogea hatua moja, naye alisogea hatua moja. Jua lilikuwa utosini. Shemeji yake alimwita mara moja, "Bhabhi!" na mara ya pili kwa sauti ya chini, ya kusihi, na hakuna aliyehitaji kujua Kigujarati ili kumwelewa. Mjane wa kwao akinywa mkononi mwa Mwafrika mbele ya gari zima, watu wake wangeweza kuacha kumwalika harusini na kuacha kuonja chakula chake mpaka anakufa. Yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Madirisha ya daraja la pili yalijaa nyuso.

Mstari ulikuwa umepungua, nami nilibakiwa na watu saba wa kuwanywesha kabla yake. Niliwanywesha. Nilimnywesha kila mmoja mpaka akatosheka, sikumpunja hata mmoja, na hilo ndilo ninalojivunia kupita yote niliyowahi kufanya duniani, kwa sababu moyo wangu wote ulikuwa kwa yule wa nane.

Zamu yake ikafika. Aliinama. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alileta kiganja kimoja tu, cha kushoto. Sikumwamkia, wala yeye hakuniamkia. Nikachota kata, nikammiminia kwa uzi mwembamba kama alivyokuwa akiwamiminia wengine. Maji mengi yalipita kati ya vidole vyake yakalowesha sari. Nikachota tena. Akanywa kata mbili nzima, bila haraka, na koo lake jembamba lilikuwa linapanda na kushuka mbele ya macho yangu.

Alipotosheka alijifuta kidevu. Alikuwa na lugha yake ya kumwambia shemeji yake, na shemeji yake alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Hakuitumia. Alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kubahatisha, kwa sauti niliyokuwa sijui kama anayo, ikafika hadi madirishani:

"Maji safi."

Kisha akatoka kwenye mstari kama alivyotoka kila mtu, na nyuma yake alikuwa amesimama yule Mduruma na kuku wake kwapani, amerudi mara ya pili, viganja tayari, na gari lilikuwa limeshapiga filimbi ya kwanza, kwa hiyo nikachota.